Joto la Vifaranga

Miaka yote niliyopanda na kushuka ngazi za majumba ya Upper Hill nikifunga mashine za hewa, hakuna aliyewahi kuniomba joto. Kila mtu alitaka baridi. Julai ikifika, Nairobi nzima imejifunika wingu na watu barabarani wamevaa makabuti, mkubwa wa ofisi fulani ananiita niiongeze mashine yake nguvu, na yeye mwenyewe amevaa suti na skafu shingoni. Baridi ya mashine ilikuwa heshima. Ofisi isiyo na baridi ilihesabiwa kuwa sawa na kibanda cha mboga. Sikubishana nao, maana baridi hiyo ndiyo iliyokuwa ikinilisha.

Nyumbani kwa mama yangu mambo yalikuwa kinyume. Aliishi Uthiru, upande ule unaoelekea Kiambu, katika nyumba ya mawe ya kuchonga ambayo marehemu baba aliijenga kidogo kidogo hadi ikasimama. Julai ya Uthiru si ya kuchezea. Ukungu huingia hadi jikoni bila kupiga hodi. Mama alikuwa na dawa yake, nayo ni jiko la makaa. Kila jioni alilikoleza uani, akalipeleka kwanza kwenye kibanda cha vifaranga wake, ambao alikuwa akiwanunua wakiwa wa siku moja, hawana mama wa kuwafunika. Wakishaota moto, alilibeba jiko hilo hilo hadi chumbani kwake, akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa gunia, akalala.

Yeye alilala. Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Mwaka uliotangulia, mlinzi wa jumba moja tulilokuwa tukifanyia kazi alijifungia kibandani na jiko. Asubuhi tulimkuta amelala vizuri, blanketi hadi kidevuni, ila hakuamka. Nilisaidia kumtoa. Tangu hapo, simu ikilia alfajiri moyo wangu ulidunda kabla sijaishika, kwa sababu niliogopa kuambiwa ni Mama. Niliogopa kweli kweli, wala sioni haya kusema.

Lakini kumkanya mama yangu kulikuwa na shida yake. Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, na kwa desturi yetu ya Kikuyu nilipewa jina la baba yake mzazi. Kwa hiyo Mama huniita Baba. Utadhani ni cheo. Ni mtego. Akitaka maji, "Baba, niletee maji." Akinikaripia, "Baba, una kichwa ngumu sana." Na nilipomweleza habari za jiko na mlinzi, alinitazama kwa utiifu wa binti aliyelelewa vizuri, akasema, "Nimesikia, Baba." Jioni akaliwasha.

Ndipo ofisi moja ya Upper Hill ilipoamua kubadilisha mashine zake zote. Zile za zamani zilikuwa za kupitisha ukutani: kasha moja la chuma, nusu yake hukaa ndani ya chumba na nusu hutokeza nje. Nikaambiwa nichague moja, nyingine zinakwenda kwa wauza vyuma chakavu. Nilichagua ile iliyokuwa na kitufe chenye alama ya jua. Mashine ya aina hiyo huweza kufanya kazi kinyume. Haichomi kitu. Inachukua joto kidogo lililoko nje, hata nje kukiwa na baridi, na kulisukuma ndani. Kitufe kile cha jua kilikuwa bado kinang'aa. Katika ofisi ile hakuna aliyewahi kukigusa, na mimi pia, katika maisha yangu yote ya ufundi, sikuwahi kukigusa. Kumbuka neno hilo, tutalirudia.

Mama aliposikia nataka kutoboa ukuta, alikaa chini.

"Hii nyumba baba yako alijenga jiwe kwa jiwe," alisema. "Sasa wewe unakuja na nyundo."

"Maitu," nikamwita kwa neno letu la mama, "ni shimo moja tu. Ni la kukupa joto."

"Joto niko nayo. Mtu mmoja mzee, anachomewa stima usiku kucha kama hoteli? Hapana, Baba. Hiyo ni kuharibu."

Nilijua nimeshindwa kwa upande huo. Mama hakuwa na ubahili, ila kitu chochote kilichokuwa kwa ajili yake peke yake alikiona ni hasara. Chai ya kwanza ilikuwa ya mgeni, kipande cha nyama cha kwanza cha watoto, na yeye akajipa ukoko. Basi nikabadilisha njia. Nikamwambia kwamba mashine za aina hii zina mgongo, na mgongo huo hutoa joto. Huko Upper Hill paka hulala nyuma yake na walinzi huanika soksi zao hapo. Tukiifunga vizuri, vifaranga watapata joto la bure.

Alifikiri kidogo. "Vifaranga watapata joto?"

"La bure, Maitu."

"Basi toboa. Lakini pale upande ya vifaranga."

Nilikwenda kumchukua rafiki yangu, fundi wa mawe kutoka Kabiria, mtu wa maneno mengi na mkono mzuri. Alipoiona mashine ndani ya pikapu alicheka hadi akaegemea gari.

"Buda, si hii ndio ile ya kuleta baridi? Mathe amekukosea nini?" aliuliza, akimaanisha Mama.

Tulichora shimo kwa chaki. Jiwe la nyumba zetu ni nene, na hulipigi kwa hasira. Unalichokoa pembeni kwenye saruji hadi lilegee, kisha unalitoa zima kama jino. Mama alisimama karibu akipokea kila jiwe na kuliweka kando kwa mpangilio, kana kwamba baba angekuja kuyahesabu. Tuliingiza kasha, nikaliinamisha kidogo kuelekea nje ili maji yanayojikusanya kwenye mashine yatiririke uani badala ya chumbani. Tukaziba pembeni kwa saruji. Nikavuta waya wake wa peke yake kutoka kwenye swichi kuu, maana mashine hiyo haipendi kushirikiana na pasi. Mwishowe, kwa mikono yangu mwenyewe, nikalitoa kibandani sanduku walimolala vifaranga, nikalisogeza hadi chini kabisa ya ule mgongo. Nilijipongeza.

Wanawake wa kikundi cha Mama cha kanisani walikuja kuangalia. Habari zilikuwa zimeshaenea kwamba mtoto amemletea mama yake friji ya ukutani, tena wakati wa baridi. Mmoja aliuliza kama maziwa yanawekwa juu au chini. Nikabonyeza kitufe cha jua. Mashine ikanguruma, ikatoa harufu ya vumbi linaloungua, wote wakarudi nyuma hatua moja. Kisha hewa ya moto ikaja. Mama akanyoosha mkono mbele yake, akauacha hapo kwa muda.

"Inapumua kama ng'ombe," alisema.

Hiyo ilikuwa sifa kubwa. Mama alikua akikamua, na hakuna joto aliloliheshimu kuliko la pumzi ya ng'ombe asubuhi. Niliondoka nikipiga mluzi.

Siku chache baadaye nilikuwa juu ya ngazi katika benki moja, kichwa kimo ndani ya dari, simu ikalia.

"Baba, hawa vifaranga wako wanalia."

Wakinona, walikuwa wake. Wakilia, wakawa wangu.

"Wanalia kwa nini, Maitu?"

"Baridi. Leo ndio nimewasha hiyo mashine, tangu asubuhi. Nimeweka hadi mwisho. Na vile naongeza, ndio wanazidi kubanana. Na tena inawanyeshea."

"Inawanyeshea?"

"Maji inatoka kwa mgongo. Umeniletea mvua, Baba."

Nikashuka ngazi. Nikakaa kwenye sakafu ya benki, wateja wakinipita, na ukweli ukaniingia polepole. Mashine inayosukuma joto ndani inalitoa wapi joto hilo? Nje. Mgongo unaotoa moto huko Upper Hill hutoa moto kwa sababu ndani kunatiwa baridi. Ukiigeuza, mgongo nao unageuka. Jambo hili linajulikana na kila mwanafunzi wa ufundi, na mimi nililijua pia, darasani. Lakini mikono yangu ilikuwa haijawahi kufunga kitu ila baridi, na mazoea yana tabu. Nilikuwa nimewachukua vifaranga na kuwaweka mbele ya friji, kisha nikaielekeza friji idondoshe maji juu yao.

"Na wewe uko wapi sasa?" nilimuuliza. "Uko chumbani?"

"Kwa nini nikae chumbani mchana? Nimefunga mlango. Niko jikoni."

Hapo nilitaka kucheka na kulia pamoja. Chumba kilikuwa na joto la kuivisha ndizi, hakuna mtu ndani. Mama alikuwa jikoni amejifunga shuka. Vifaranga walikuwa nje wakigandishwa kwa stima aliyoiona ni ya kuharibu. Nilijua pia kwamba nikimwambia aizime, jioni jiko litarudi chumbani, na safari hii sitakuwa na la kusema, maana nimeshaaibika.

"Maitu," nilisema, "wachukue na sanduku lao. Wapeleke ndani."

"Ndani wapi?"

"Chumbani kwako. Mbele ya mashine."

Niliwasikia vifaranga wenyewe kwenye simu.

"Kuku? Kwa chumba ya kulala?"

"Hadi wapate nguvu tu."

"Watu wa kanisa wakisikia?" Kisha, kabla sijajibu, "Ngoja. Huyu mmoja analegea." Simu ikakatika.

Jioni nilikwenda moja kwa moja Uthiru. Nilimkuta Mama ameketi kitandani, miguu ameikunja, sanduku la vifaranga kando yake sakafuni. Wote walikuwa hai. Yule aliyelegea alikuwa amefungiwa kwenye kitambaa cha kichwa, kichwa kidogo kikitokeza, na Mama alikuwa amevua sweta. Sikumbuki kama niliwahi kumwona bila sweta mwezi wa Julai.

Nilitazama pembeni ya kitanda. Hapakuwa na jiko.

"Jiko iko wapi?" niliuliza, nikijifanya sijali.

Mama alinitazama kama mtu anayemfundisha mtoto mpumbavu. "Baba, sasa jiko utaweka aje hapa? Hewa ya makaa ni mbaya. Mlango ikifungwa itawaua."

Nilikuwa nimeyasema maneno hayo hadi ulimi ukachoka. Nilikuwa nimemsimulia juu ya mlinzi.

"Kweli, Maitu," nikasema. "Sikuwa nimefikiria."

Tangu siku hiyo mashine haikuzimwa usiku. Stima ilipopotea, aliwaingiza vifaranga ndani ya kabuti lake, akalala wima kwenye kiti hadi iliporudi. Waliota manyoya, wakaanza kuruka kutoka sandukuni na kutembea juu ya kitanda, na Mama akiwafukuza kwa maneno ya mapenzi. Mimi nilifurahi, lakini kwa wasiwasi. Kifaranga hakai kifaranga. Nilijua siku moja wataondoka, na baridi ya Agosti ilikuwa bado.

Wakaondoka. Nilifika nikawakuta uani wakichakura, wakubwa, hawana shukrani. Nikaangalia nyuma ya nyumba kulikowekwa jiko siku zote. Halikuwepo. Nikapita jikoni bila hata kupiga hodi, nikasukuma mlango wa chumba.

Mashine ilikuwa ikinguruma. Mama alikuwa kitandani na kitabu chake cha nyimbo, bila sweta. Jiko lilikuwa dirishani kwa nje, limejazwa udongo, limeoteshwa dhania.

"Nilifikiri umezima," nilisema. "Vifaranga si wametoka?"

"Nimenunua wengine."

Nikainama juu ya sanduku. Nikasogeza nyasi. Ndani alikuwa kifaranga mmoja tu, amelala katikati ya nafasi ile yote, tumbo limeelekea moto.

Mama hakuinua macho kutoka kwenye kitabu. "Funga mlango, Baba," alisema. "Huyu mtoto ataingiwa na baridi."

Nikafunga mlango, nikakaa kitandani kando yake.