Siku Mkono Wangu Ulipopimwa Kimulot

Kazi yangu siku hizi ni kubisha hodi. Tunazunguka mitaa ya Nairobi tukiuliza watoto wanakula nini, wanalalia nini, wanavaa nini, ili ijulikane ni mitaa gani watoto wake wanaumia zaidi. Juzi mama mmoja aliniambia, shingo ameinyoosha, "Huyu wangu anakunywa maziwa kila siku." Jiko lake lilikuwa baridi. Niliinamisha kichwa nikajifanya naandika, kwa sababu sauti ile niliijua. Ilikuwa ya nyanya yangu.

Nyanya ndiye aliyenilea, huko Kimulot, miaka ya tisini, mahali ambapo chai inapanda vilima mpaka inakaribia kuugusa msitu wa Mau. Asubuhi kulikuwa na ukungu na harufu ya kuni mbichi. Nyanya alinifunga karatasi ya nailoni kiunoni kama yake, tukachuma majani kabla ya shule, umande ukitulowesha mpaka magotini. Vidole vyake vilidonoa majani machanga kama kuku kwenye mahindi. Jioni tulikula ugali wa wimbi na mboga, na mursik, yale maziwa yanayolazwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Nimekula hotelini mara nyingi tangu wakati huo, na sijaonja kitu kama hicho.

Kisha mvua ya mawe ikapukutisha chai yote ya kilima chetu. Kabla haijachipuka tena, ng'ombe wetu wa pekee akafa kwa ugonjwa wa kupe. Tukaanza kunywa strungi, chai bila maziwa, asubuhi na jioni. Nikawa nasinzia darasani. Mwalimu alinihamishia dawati la dirishani, penye jua, akaniacha nilale bila kuniuliza neno. Mungu ambariki.

Ndipo ikasikika kwamba kuna mama wa serikali anayepita kilima kwa kilima akipima watoto. Sokoni Litein watu walimwambia nyanya kwamba mtoto akipatikana amekonda sana, anachukuliwa kupelekwa kwenye makao ya watoto mjini. Siku ya mgeni huyo, nyanya alinipaka mafuta mpaka nikang'aa, akanivalisha sweta, na juu yake sweta nyingine, nionekane nimenona.

Mgeni hakujua Kipsigis, na Kiswahili cha nyanya kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo jirani yetu akaitwa atafsiri. Alikuwa mama wa Kikuyu aliyekuja kutoka Nyeri na mume wake, wakafungua duka karibu na kituo cha kupimia majani. Kipsigis alikizungumza kama aliyezaliwa nacho. Yeye na nyanya waliitana juu ya ua kila asubuhi, wakapeana habari za usiku, moto, na chumvi.

"Muulize kama mtoto anakunywa maziwa," mgeni akasema.

Nyanya akajibu kwa lugha yetu, kichwa juu: "Mwambie kila siku. Mwambie tuna ng'ombe."

Jirani akaziangalia sweta zangu. Halafu akamgeukia mgeni.

"Anasema ng'ombe yake ilikufa, Madam. Mtoto hajaona maziwa siku mingi. Na anaogopa mtamchukua."

Mimi nilielewa yote, maana Kiswahili tulifundishwa shuleni. Nyanya naye alielewa ya kutosha. Aliangalia chini tu, mikono mapajani.

Mgeni alinivua sweta polepole, akanizungushia mkononi utepe wenye rangi. Ukasimama kwenye nyekundu, rangi ya mtoto aliyekonda mno. "Hakuna mtu atachukua mtoto yako, mama," akasema. "Tunataka tu akule." Safari hii jirani alitafsiri neno kwa neno. Zahanati ikaanza kunipa unga wa uji, na mgeni yule, ambaye angeweza kupima na kwenda zake, alirudi tena na tena kunitazama.

Lakini nyanya hakumsalimia jirani tena. Kila asubuhi jirani alileta jagi la maziwa, akaliacha mlangoni, akaondoka. Nyanya alinimiminia nikanywa yote. Yeye hakuonja hata tone.

Ikawa hivyo mpaka nguvu zikanirudia. Siku moja nilikuwa nakimbizana na wenzangu kati ya mistari ya chai, tukicheka kwa sauti, na nyanya akaacha jembe akasimama kunitazama. Akanawa mikono. Akanishika, tukaenda dukani.

"Ulinivua nguo mbele ya mgeni," akamwambia jirani.

"Najua, Kogo." Hivyo ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. "Lakini ningesema vile ulitaka, tungemzika huyu."

Nyanya akaketi juu ya gunia la mahindi. "Kongoi," akasema. Ni asante. Akarudia tena, kisha wote wawili wakaanza kulia, nami nikasimama pale nikitazama peremende kwenye chupa, nisijue niende wapi.

Nilirudi Kimulot mwaka huu. Chai bado ipo, ingawa mashamba makubwa sasa yanachumwa kwa mashine. Nyanya tulishamzika. Duka halipo: mwaka mmoja wa uchaguzi, watu wa makabila tofauti walipoanza kuogopana, jirani alipakia vyombo vyake akaenda, na nyanya akamlilia kama ndugu wa tumbo moja. Ua waliokuwa wakiitana juu yake umeng'olewa, pamejengwa ukuta wa mawe. Nimeuliza sana habari za mama yule, sijapata anayejua alikofikia.

Kifungua mimba wangu nilimpa jina lake. Wakwe zangu walishangaa, jina la Kikuyu kwa mtoto wa Kipsigis. Nilipompeleka Kimulot, wazee waliokuwepo siku zile hawakuuliza kitu. Walimwita kwa jina hilo, mmoja baada ya mwingine, wakampokezana mikononi.