Kuni za Chemchemi ya Tapsubei

Nikifumba macho hata leo, moshi ule unanijia. Si huu moshi wa takataka wa hapa mtaani Migosi, hapana. Ulikuwa mtamu, mzito kidogo, kama maziwa yaliyolala ndani ya kibuyu. Mama yangu, Dorina, alikausha kamongo, samaki wa matopeni, nyuma ya nyumba yetu, chini kabisa ya mto Kibos, karibu na mafunjo ya ziwa, na sisi watoto tulijifunika harufu ile kama blanketi. Kuni alinunua kwa wanaume wa Kinandi walioshuka milimani na punda wawili. Punda mmoja aliitwa Simba, ingawa alikuwa mwoga kuliko kuku.

Msimu ninaousema, mto ulibadilika rangi. Mvua kidogo tu ikinyesha huko juu, maji yalitujia mekundu kama uji wa wimbi. Mama aliyaacha mtungini yatulie, lakini chini kulibaki matope ya vidole viwili. Ndugu yangu mchanga, Ouma, akaanza kuharisha, akakonda hadi ushanga wa kiunoni ukamdondoka. Jirani yetu Perpetua akasema, “Hao watu wa juu watatumalizia mtoto, Dorina. Nenda uwaambie.” Basi Mama akamfunga Ouma mgongoni, akajitwika kikapu cha kamongo, maana hata kwenye ugomvi hauendi mikono mitupu, nami nikamfuata. Tulipanda tangu alfajiri hadi jua likainama. Ukungu ulitupita karibu, ukatulowesha kope, na mahali fulani ndani yake ng'ombe walitembea bila miguu. Kisha nikaiona chemchemi, maji yakitoka kwenye mizizi bila sauti. Nilidhani nimeonyeshwa ziwa likiwa bado mtoto.

Mwenye boma lililokuwa pale ni mama mzee aliyeitwa Tapsubei, ambaye Mama alizoea kubadilishana naye samaki kwa maziwa sokoni. Walizungumza Kiswahili chao cha soko.

“Karibu, Mama Akinyi,” akasema Tapsubei, maana Akinyi ndiye mimi. “ Huyu mtoto mbona amekuwa kijiti?”

“Ni maji yenu, Mama. Mnakata miti, mnalima mpaka mdomoni mwa chemchemi.”

Tapsubei aliingiza mkono kikapuni. Alichukua kamongo mmoja, akamnusa, akanusa tena. Halafu akanisogezea puani kibuyu chake cha maziwa. Harufu ile ile! Wao husugua vibuyu kwa mkaa wa mzeituni wa porini, na mizeituni iliyobaki ilikuwa ya pale chemchemini tu.

“Dorina,” akasema akicheka, “umekuja kumshtaki mwizi, na mzigo wenyewe umeubeba kichwani.”

Nyani haoni kundule. Mama aliinama, akawa anafungua na kufunga kamba ya kikapu. Mwishowe Tapsubei akaacha kucheka, akamtazama Ouma. “Wanangu wanakata kwa sababu nyinyi mnanunua. Acheni kununua, na mimi nitawazuia.” Wakanywa maziwa kutoka kibuyu kimoja.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Mama alipita nyumba kwa nyumba, na Perpetua akamuuliza, “Sasa nikaushe samaki kwa miujiza?” Mama akakausha kwa mavi makavu ya ng'ombe na majani ya miwa. Samaki wakatoka wachungu. Wateja walimwambia samaki wake wamekufa mara mbili. Tuliwala wenyewe, msimu mzima, na Mama alikula wa kwanza ili tusikatae. Wanawake wakaacha kuni zile mmoja mmoja, Perpetua wa mwisho, na huko juu Tapsubei akaizungushia chemchemi miiba. Mvua zilizofuata, maji yalitufikia rangi ya chai hafifu. Ouma akatembea.

Leo Ouma ni mzee wa Kaloleni, mbishi sana. Mjukuu wangu Achieng huenda mikutano ya watu wa ziwa na watu wa milimani, hata wa Uganda, Tanzania na Rwanda, maana ziwa hili lina mama wengi. Hunionyesha ramani zao, mito kama mishipa ya mkono wangu, nami hufurahi. Lakini juzi gesi iliisha wageni wakiwa sebuleni, na muuza mkaa akapita. Nikamuuliza, “Baba, huu umetoka wapi?” Akaniita bibi kwa Kijaluo, akasema, “Huko juu, Dani. Mti mgumu, hauishi haraka.” Nikamwambia anipimie debe moja. Mama alikula samaki mchungu msimu mzima. Mimi sikuweza kuwacheleweshea wageni chai.