Alama ya Kidole kwenye Kichupa

Pale kambi ya wakimbizi ya Kasulu, bomba halifunguliwi mpaka Consolée apime klorini, dawa ya kuua vijidudu vya maji. Hutia kidonge kwenye kichupa cha maji, yageuke rangi ya waridi, kisha mashine huyapitishia mwanga. Mwanga mwingi ukimezwa, klorini ni nyingi. Asubuhi hiyo, akizongwa na wenye ndoo, alisoma kwamba inatosha, akaamuru wafungue. Mara akajiuliza: mbona maji hayakugeuka rangi? Akakiinua kichupa juani. Ubavuni kulikuwa na alama ya kidole chake, mafuta ya mawese ya kiporo cha sombe, majani ya muhogo, alichokula kwa haraka. Kumbe mafuta ndiyo yaliyomeza mwanga. Akakifuta kwa kitenge, akapima tena. Sifuri. Bombani, mama wa kwanza alikuwa ameshamnywesha mwanawe.