Bwana Kinga na Hitilafu Ndogo

Shemeji yangu tulimwita Bwana Kinga, na jina lenyewe alilipenda, jambo linalokuonyesha mara moja alikuwa mtu wa aina gani. Mwenye haya angejua kuwa tunamcheka. Yeye alilipokea kama cheo.

Alimwoa dada yangu mkubwa, na kazi yake ilikuwa kutunza kanzidata ya hospitali ambako mimi ni muuguzi. Kila mgonjwa, umri wake, ugonjwa wake na dawa zinazomdhuru, vyote vimo humo, nasi wa wodini tunavisoma kwenye kioo cha kompyuta kabla ya kumgusa mtu. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, nyuma ya stoo ya magodoro, na kilikuwa na kiyoyozi. Alishinda humo amevaa sweta huku sisi juu tukiwapepea wagonjwa kwa makaratasi.

Nyumbani kwa dada alikuwa vivyo hivyo. Televisheni ilikuwa na namba ya siri. Friji ilikuwa na kikufuli kidogo kama cha begi la safari. Watoto wakimuuliza swali la pili kabla hajajibu la kwanza, aliwaambia, "Ombi limekataliwa," kisha akacheka peke yake. Dada alijitia hamnazo, akaendelea kupanga vyombo. Aliyemvimbisha kichwa ni mama yetu. "Mkwe wangu ni ukuta," aliwaambia majirani. "Hospitali nzima imemwegemea yeye." Mama hajui kompyuta, lakini kupenda anajua, na alimpenda yule mtu kuliko alivyostahili.

Fahari yake kubwa ilikuwa ile kinga iliyompa jina. Nieleze, maana alitueleza sote, hata tuliokimbia. Ukiiomba kanzidata orodha ya watu bila kusema unamtaka nani, kinga inakupa wachache na kukata hapo, ili mashine isilemewe. Ukitaka kubadilisha kitu bila kutaja namba ya mgonjwa, inagoma kabisa. Ni kitu kizuri, sikatai. Mkono ukiteleza, hauharibu habari za watu wote. Lakini kitu kizuri kikiangukia mikononi mwa mpenda sifa, kinageuka ngoma ya kuchezea.

Kila mgeni aliyefika hospitalini alishushwa chini kuonyeshwa. Bwana Kinga aliandika amri mbaya makusudi, ya kuwabadilisha wagonjwa wote kwa mkupuo mmoja, akabonyeza, na mashine ikakataa. "Mmeona?" Wageni wakapiga makofi. Mkurugenzi, ambaye hakuelewa chochote wala hakuuliza chochote, naye akapiga makofi. Jaribio la namna hiyo hufanywa kwenye kanzidata ya kuchezea, isiyo na mgonjwa wa kweli hata mmoja. Hiyo alikuwa nayo, na mafundi wenzake walimsihi aitumie. "Kufuli hujaribiwa mlangoni," aliwajibu, "si dukani." Maneno matamu hayo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Basi mama akalazwa wodini kwetu kwa kidonda cha mguu. Alipewa kitanda cha dirishani, kando ya mwanamke mmoja fundi cherehani, na kabla ya jua kuchwa walikuwa wameshakuwa mashoga. Fundi alimshonea mama mfuko wa miwani kwa kipande cha shuka kuukuu, nasi tukajifanya hatujui shuka ilitoka wapi. Mama ana mzio wa penisilini. Akichomwa, pumzi inaziba. Mimi mwenyewe niliuandika kwenye kompyuta siku alipoingia.

Yaliyotokea chini siku wageni wengine walipokuja nilisimuliwa na karani aliyekuwa akiwamiminia chai. Asubuhi Bwana Kinga aliwasha kinga yake, akaijaribu, ikakataa vizuri. Baadaye umeme ukayumba, taa zikapepesa, na programu yake ikapoteza mawasiliano na kanzidata, kisha ikajiunga upya yenyewe. Kinga ile alikuwa ameiwasha kwa muunganiko wa kwanza tu. Huu mpya ulikuja mtupu, bila kinga. Jambo hilo kila fundi wa kazi ile analijua, naye alilijua. Lakini wageni walikuwa wameshashika vikombe, na mpenda sifa hangoji. Akaandika amri ya kuwawekea wagonjwa wote neno moja, "hakuna", kwenye nafasi ya mzio. Akabonyeza. Mashine haikukataa. Ilitii.

Na yule mtu, nataka mlisikie hili vizuri, alizima kioo, akawageukia wageni, akasema, "Mmeona?" Wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa nafunga mguu wa mama alipoingia wodini anahema. Hata katika hali ile hakusahau adabu za mkwe, aliinamisha kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona unahema hivyo?"

"Ngazi tu, mama." Kisha akaninong'oneza sikioni. "Shemeji, mama asichomwe penisilini, hata kompyuta ikisema hana aleji."

"Kwa nini iseme hana? Si niliandika mwenyewe?"

"Hitilafu ndogo. Nairudisha kutoka kwenye nakala ya jana. Sasa hivi itakuwa sawa."

"Hitilafu ya mama peke yake?"

Akatazama viatu vyake. "Taratibu, shemeji. Wageni hawajaondoka."

Nilimchukia pale pale, na chuki hiyo bado ninayo. Alikuwa amepanda ngazi zote zile, akapita vitanda vya wodi nzima, watu wamelala huku na huku, asimwambie mtu neno mpaka afike kwa mamamkwe wake. Nyuma ya mgongo wake muuguzi mwenzangu alikuwa ameshapandisha mkono wa gauni la fundi cherehani. Pamba ilikuwa imeshapita, sindano iko mkononi.

"Acha!" nilipiga kelele.

Mwenzangu akaduwaa. "Kompyuta inasema hana aleji."

"Muulize mwenyewe!"

Fundi akatutazama mmoja mmoja. "Kwani hiyo ni penisilini? Mimi hiyo ilinivimbisha koo mpaka nikazimia. Si niliwaambia siku mliponipokea?"

Nikakimbilia simu. Bwana Kinga akanikamata kiwiko. "Shemeji, utaniharibia kazi." Nikamsukuma akajigonga kwenye kitoroli cha dawa, nikazipigia wodi zote: asichomwe mtu kabla hajaulizwa kwa mdomo wake. Tulibahatika, hakuna aliyedhurika. Mkurugenzi akatangaza kwamba ilikuwa hitilafu ya umeme, maana na yeye alikuwa amepiga makofi. Bwana Kinga yupo chumbani mwake mpaka leo, na sweta lake.

Mama alikuwa ameona yote kutoka kitandani. Alimshika fundi mkono, wakakaa hivyo.

Kesho yake mkwe akaja na mfuko wa machungwa, shati limenyooshwa. Akainamisha kichwa kama desturi yake.

"Shikamoo mama."

Mama hakuitikia. Sijawahi kumwona mama akiinyima jibu shikamoo ya mtu, hata ya adui.

"Mwamkie huyu kwanza," alisema, akimwonyesha jirani yake kwa kidevu. "Mwamkie kwa jina lake. Majina yetu sote si unayo wewe?"

Fundi cherehani akaweka sindano na uzi mapajani, akangoja. Bwana Kinga akamtazama fundi, akamtazama mama, halafu akanigeukia mimi kwa macho ya kuomba. Kadi ya kitanda cha fundi ilikuwa mkononi mwangu, jina limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Nikaigeuzia kifuani, nikaendelea kumpima mama joto.