Joto la Fundi Baridi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Baridi, kwa kuwa hapakuwa na friji wala kiyoyozi kilichomshinda. Kazi aliijua, uungwana wa kazi ndio uliompiga chenga. Chuoni alifundishwa kwamba gesi ya mashine mbovu hunaswa kwenye mtungi, maana ikiachiwa hupanda juu na kuizidishia dunia joto kwa miaka mingi. Mtungi alikuwa nao, akaufanya kigoda. Gesi aliifungulia ikaenda zake, akisema mbingu ni pana.

Mteja akilalamika kwamba joto la miaka hii si la kawaida, Fundi alikuwa na hotuba tayari. Alimsikia mtaalamu redioni akisema kwamba tangu enzi na enzi hali ya dunia hubadilika yenyewe: jua huzidi na kupungua, volkano hutapika majivu, dunia yenyewe huyumba katika njia yake. Yote kweli. Mtaalamu aliendelea kueleza kwamba joto la sasa, kwa sehemu kubwa, ni kazi ya mikono ya watu, lakini hapo Fundi alikuwa ameshazima redio. Ukweli kwake ulikuwa kama samaki: alikula mnofu, miiba akamtupia paka.

Dukani kwake kiyoyozi kilinguruma kutwa ili wateja wakae raha. Mgongo wa mashine hiyo ulitema joto lake uani, moja kwa moja kwenye dirisha la mama yake mzazi. Bibi wa watu alishinda amejitanda kanga iliyoloweshwa maji, miguu imevimba, chakula hakipiti. Dada yake Fundi akaja kumuuguza, akasema wazi kwamba mama asipopata nafuu atamchukua akakae kwake. Fundi akaona fedheha: yeye kifungua mimba, mwenye nyumba, mama akatunzwe kwa mkwe? Akalilaumu jua.

Siku moja saa sita mchana, jua likiwa la kupasua kichwa, umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Baada ya muda mama akaomba uji, akaumaliza, akasinzia. Alasiri umeme ukarudi, mashine ikanguruma, na mama akaamka anahema.

"Kaka," dada akasema, "leo kilichokatika ni umeme. Jua halikukatika."

Fundi akaanza habari za volkano. Dada akamuuliza hiyo volkano iko chumba gani, na mama akacheka mpaka akakohoa.

Mwenye haya angezima mashine. Fundi akatangaza, kwa fahari ya mtu anayetoa sadaka, kwamba atamfungia mama kiyoyozi chake mwenyewe, kipya kabisa.

"Na joto lake utalimwaga wapi, baba?" mama akauliza.

Fundi akanyoosha kidole ng'ambo ya uchochoro, kwenye dirisha la jirani yao, mjane mwenye kichanga.

Mama akamtazama mwanawe kama mtu anayemtafuta mtu mwingine. Kisha akamwambia binti yake amletee viatu.