Kumlegezea Chewa

Mume wangu wanamwita Chewa, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Kazi yake ni kuwapeleka wageni baharini kuvua kwa kujifurahisha, na hakuna samaki anayemsifia kama chewa, yule mnene wa miambani mwenye mdomo kama beseni. Chewa akinaswa na ndoana hukimbilia shimoni mwake, akatanua mashavu na kujibana humo. Wageni huvuta kwa pupa mpaka mshipi unakatika. Mume wangu hulegeza. Huwasha sigara, hupiga porojo, na samaki akidhani mambo yamekwisha akachungulia nje, hapo ndipo humvuta kwa nguvu zote. Hadithi hii tumelishwa mezani mpaka tumevimbiwa.

Subira hiyo huiacha botini. Binti yetu wa pekee alipopata kazi ya ushonaji upande wa pili wa mji, akasema atapanga chumba huko huko, baba mtu alifoka hadi majirani wakazima redio wasikie vizuri. Binti akajifungia chumbani na begi lake. Baba akagonga, akatishia kuvunja kitasa. Nikamuuliza: samaki anampa asubuhi nzima, je, damu yake anaipa dakika ngapi? Akanikata jicho. Kisha akaketi sakafuni pale mlangoni, akaanza kubembeleza kwamba yamekwisha, atoke tu ale.

Binti akacheka huko ndani, kicheko kisicho na furaha.

"Baba, unanilegezea tu. Nikitoka utanivuta."

Uso wa mume wangu ulishuka. Nilimwonea huruma, nami mwenyewe niliogopa, maana mtoto akiondoka na hasira ile, huenda asikanyage tena kwetu. Halafu mume wangu akainuka, akaenda kuufungua mlango wa nje, akauacha wazi, akarudi.

"Sikuvuti, mwanangu," alisema. "Naogopa tu nyumba itakuwa kubwa."

Binti akatoka. Baba yake akampokea begi, akalibeba hadi barabarani bila neno, tena yeye, mtu wa maneno. Mimi nilifuata nyuma. Walipoagana, binti alisema Jumapili atakuja kula. Tuliporudi ndani mume wangu alikaa kwenye kitanda cha mtoto akalia waziwazi.

Jumapili mume wangu alishinda na simu mkononi, asimpigie. Chakula kilikuwa kimeanza kupoa binti alipoingia mwenyewe, akauliza kama tumembakizia.