Maua Yaliyosimama kwa Sukari

Waliiweka mikono ya mama juu ya jiwe la kusagia, jiwe letu wenyewe, na fundi wa baiskeli wa nyumba ya pili akaushika mchi wa kinu chetu. Mke wake alikuwa amelibana kwapani shada la maua ya uzi, kama kuku aliyetoka kununuliwa. Akachomoa ua moja, akalilamba mbele ya watu, akapiga kelele: "Sukari! Si niliwaambia? Watoto wetu wanakunywa chai chungu, hawa wanaogesha maua kwa sukari!"

Watu wakacheka. Kile kicheko nakikumbuka kuliko mchi. Fundi akasema, "Leo mikono hii itapumzika, mama," kwa sauti ya upole, kama anayeongea na mgonjwa. Kisha akapiga. Barabarani, juu ya boneti ya gari, alikaa afande wa jeshi lililokuwa limeingia, anamenya muwa. Alitazama mpaka mwisho. Muwa ulipoisha akasema, "Basi, inatosha," akafuta kisu chake kwenye suruali.

Mimi nilikuwa mtoto, nimeng'ang'ania gauni la mama. Sasa nina mvi. Mama bado yupo, tunakaa naye Nabuyonga hapa Mbale, na mpaka leo anaamini kwamba ile sukari ndiyo iliyomvunja vidole. Ndiyo sababu naandika, mimi ambaye shule niliiacha kabla sijajua kugawanya. Nataka mtu amwambie ukweli akiwa bado anasikia.

Nyumba yetu ilikuwa Bugembe, kandokando ya barabara inayotoka Jinja. Baba alikuwa mpishi wa jeshi. Sisi ni watu wa asili ya Sudani, babu zetu waliletwa na bunduki za wengine, na serikali ile ya jeshi ilipokuwa juu kila mtu alituona wakubwa. Wakubwa gani? Baba alikuwa akirudi nyumbani ananuka maharage. Siku wakubwa wenyewe walipokimbia, walipanda malori na makochi yao na majokofu yao, wakamwacha jikoni na sufuria iko motoni. Alitoroka kwa miguu kuelekea kaskazini, na hatujui alikofika. Hao nao nawataja. Walikula chakula chake miaka yote, na nafasi ya mtu mmoja kwenye lori haikupatikana.

Mama alikuwa mfumaji. Sindano yake ilikuwa ya chuma, ina ndoano ndogo kichwani, imekwanguka kwa kushikwa. Kwetu bibi harusi haingii chumba ambacho hakina kazi ya mkono wa mama yake: kitambaa cha kitanda, cha meza, cha mito. Siku ya hina wanawake wa mtaa wanaingia kukagua. Wanageuza kitambaa waone upande wa nyuma, maana upande wa nyuma ndipo mfumaji mvivu anapokamatwa. Dada yangu alipochumbiwa, mama akasema vitambaa kila mtu anavyo, yeye atafuma shada la maua lisimame mezani.

Maua yenyewe aliyapata kwenye kifuniko cha kopo la biskuti. Yalikuwa maua ya Ulaya, yale yanayochipua baridi ikiisha: ya manjano yenye tarumbeta katikati, mengine kama vikombe vyekundu, mengine meupe yanayoinamisha kichwa. Sisi hatuna majira hayo. Kwetu mvua ikishuka kila kitu kinaota kwa pamoja, hata kijiti cha uzio. Mama aliliweka kopo mbele yake, akalitazama siku kadhaa bila kugusa uzi. Halafu akaanza, na alipoanza hakutazama tena.

Ua la uzi halisimami lenyewe. Linalegea kama soksi. Wengi walitumia uji wa muhogo: unachovya, unalikunja, unalianika. Mama aliukataa. Alisema uji wa muhogo unaupa uzi rangi ya meno. Yeye alitaka sukari iliyochemshwa na maji ikawa nzito, maana hiyo inakauka ikiwa angavu, na petali linasimama na kung'aa. Na sukari ilikuwa shida miaka ile. Tulizungukwa na miwa pande zote za Bugembe, lakini sukari uliipata kwa magendo, au kwa mgao ukibahatika. Basi tukanywa chai chungu, nyumba nzima, tangu mahari ilipopokelewa. Kile kijiko cha kila mmoja wetu kilienda kwenye kopo. Dada akilalamika, mama anamjibu, "Kunywa, we binti. Utamu wako utauona mezani."

Siku ya hina wanawake walikuja, mke wa fundi akiwa wa kwanza. Kila mmoja aligonga petali kwa kucha, tik, tik, kusikia kama limekauka. Hiyo ndiyo desturi. Mke wa fundi aligonga, kisha akapeleka kidole mdomoni. Akamtazama mama. "Hee, hajati," akasema, "mmeshiba ninyi." Mama akacheka, akamkaribisha pilau. Mume wake alikula pilau hiyo uani, akaomba ya kubeba.

Harusi haikufika. Vita ilitangulia, bwana harusi akakimbia na ndugu zake, na yaliyofuata nimeshayasema.

Tulifika Mbale kwa dada yake mama, chini ya mlima Wanale, tukiwa na nguo tulizovaa na sindano. Sindano mama alikuwa ameichomeka kwenye nywele zake, ndani ya mtandio. Vidole viliungana vibaya, vimepinda kila kimoja na njia yake. Kijiko alishika, kikombe alishika, sindano haikushikika. Akajaribu mara ya kwanza, ikaanguka. Akajaribu tena. Kisha akanipa mimi. Si dada yangu mkubwa, mimi.

"Kaa hapa. Tengeneza kitanzi."

Nikatengeneza.

"Vuta uzi katikati yake. Tena. Huo ni mnyororo. Nenda nao mpaka nikuambie simama."

Hakuniambia nisimame mpaka mnyororo ukafika mlangoni. Nikamwonyesha kwa majivuno. Akaubonyeza kwa kiganja, maana vidole havikusikia vizuri. "Umekaba. Ua likikabwa hivi litapumua wapi? Hata polisi hakabi hivi. Fumua."

"Yote, mama?"

"Kwani uzi unalia?"

Nilifuma na kufumua uzi uleule mpaka ukaota manyoya. Lakini jambo moja nililigundua mapema. Vitanzi ukivihesabu, huwezi kuhesabu kitu kingine. Kile kicheko cha Bugembe kilikuwa kinanijia hata nikiteka maji, hata nikiswali. Nikishika sindano kilikaa nje kama mbwa wa jirani. Macho kwenye ndoano, uzi kwenye kidole, pumzi ikaenda na mkono. Nikikosa kitanzi nilijua kimerudi, basi nafumua mpaka pale nilipopotea, naanza upya. Hakuna daktari aliyenifundisha hilo. Mama naye akikaa karibu yangu midomo yake ilikuwa inahesabu pamoja nami, na mikono ile iliyopinda ilitulia mapajani.

Leo uliza shada la maua Mbale nzima, utaelekezwa kwangu. Sisemi kwa kujisifu, au tuseme najisifu, na nani atanizuia? Nanunua sweta za mitumba zilizochakaa, nazifumua, naosha uzi, nauning'iniza na jiwe unyooke. Manjano ya tarumbeta natoa kwenye sweta za watoto wa huko Ulaya. Shina ni waya uliovikwa uzi wa kijani. Maharusi wa msikitini wanabeba maua yangu, wa kanisani wanabeba, na wakishabeba wanayaweka kwenye kabati la vioo, wajukuu watayakuta. Nimefundisha wanawake wengi hapa Nabuyonga. Yule anayekaba namwambia, "Nyabo, bibi wewe, unafuma au unafunga mbuzi?" Wanacheka, wanafumua.

Nasimamisha maua yangu kwa uji wa muhogo. Nimejifunza kuuchuja hadi hauachi rangi. Sukari ipo dukani siku hizi, tele, lakini mama hataki kuiona karibu na uzi. "Ningetumia muhogo," anasema, "ningekuwa na mikono." Amesema hivyo ujana wangu wote. Namjibu, mama, si sukari. Ananitazama kama mtoto. Mimi nilikuwa nimeshika gauni lake, najua nini?

Juzi nilipeleka shada la mteja Bugembe. Nikapita kwetu. Fundi wa baiskeli amekaa kwenye baraza letu, mzee, kanzu safi, redio pembeni. Anaishi humo. Aliingia wiki ileile tuliyoondoka, na mashine ya kushonea ya mama, niliyoiona kwa mlango ulio wazi, iko palepale ilipokuwa chini ya dirisha.

"Karibu, hajati," akasema. "Maua mazuri hayo."

"Mzee, unanijua?"

"Watu wengi wanapita hapa."

"Mimi ni mtoto wa yule mama wa maua ya sukari."

Akapunguza redio. Mke wake alishafariki, akaniambia, kana kwamba nilimuuliza. Halafu: "Yale yalikuwa mambo ya vita, binti yangu. Sote tuliumia."

"Wewe uliumia wapi? Nionyeshe."

Akaongeza redio.

Basi fundi, nakuuliza hapa, na majirani zako wasome. Vita haikuwa na mikono. Mchi uliushika wewe. Afande alikupa nafasi, mke wako alikupa neno la kusema, lakini nyumba uliitaka wewe, tangu ulipokula pilau uani ukihesabu vyumba kwa macho. Hata tungekuwa na maua ya muhogo, ungekuja. Nyumba kaa nayo, ukitaka. Kitu kimoja tu nadai. Panda gari uje Nabuyonga, uliza nyumba ya mfumaji, uingie, ukae mbele ya mama yangu, uitazame mikono yake, na umwambie kwa mdomo wako kwamba haikuwa sukari. Anaishiwa na siku. Utakuja lini?